Usimuulize kama anajua kujisomea, tazama nyayo zake

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee shule.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza rasmi Kenya mwaka 2019 katika madarasa ya chini, una umilisi wa msingi 7. Mmoja wao ni kujifunza jinsi ya kujifunza. Safi sana! Lakini utaupimaje?

Kifaa maarufu ni hojaji iitwayo MSLQ, ya Paul Pintrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, 1991. Ina sentensi 81, na mwanafunzi hujipa alama 1 hadi 7 kwa kila moja. Ni kazi ya maana, ila inategemea mwanafunzi anavyojiona. Hapo ndipo nina shaka.

Mimi hupokea wanagenzi kazini. Zamani niliwauliza tu: ukikwama, unafanyaje? Kijana mmoja alinijibu vizuri kuliko wote, nikamwachia kazi ya wiki mbili. Siku ya kumi nilimkuta palepale alipokwama siku ya pili. Hakuuliza mtu, hakubadili njia. Jamani, hakunidanganya, alikuwa hajioni. Kosa lilikuwa langu, nilipima maneno.

Barry Zimmerman anaugawa ujuzi huu katika hatua 3: kupanga kabla ya kazi, kujichunga ukiwa kazini, kisha kujitathmini. Hatua zote zaweza kuacha nyayo. Siku hizi mwanagenzi huandika kwanza kazi itamchukua saa ngapi na anadhani atakwama wapi. Njiani anaandika alipobadili njia na kwa nini. Mwishoni tunalinganisha na tarehe za mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git. Aliyekadiria saa 3 akatumia 20 hajafeli. Wa kutia wasiwasi ni yule ambaye mara ya tano bado anasema 3.

Mwalimu hahitaji tarakilishi kwa hili. Kabla ya kukusanya karatasi za hesabu, kila mtoto aandike alama anazotarajia. Akitarajia 80 apate 45, mna jambo la kuzungumza, na muhula ujao mtaona kama pengo limepungua.

Ila tafadhali, makadirio hayo yasiingie kwenye ripoti ya kufunga shule. Yakiingia tu, watoto watajifunza kubuni nyayo, nasi tutarudi kupima maneno.

Nyinyi walimu mwaonaje?