Bora Kuliko Nani? Mjadala wa Wakimbiaji wa Shule za Kansas

Katika jimbo la Kansas, lililo katikati ya nchi ya Marekani, upo ubishi uliodumu kwa vizazi kadhaa na usioonyesha dalili ya kumalizika: je, kati ya wanafunzi wote waliopata kukimbia masafa marefu kwa niaba ya shule za upili za jimbo hilo, nani aliyekuwa bora? Msomaji wa hapa kwetu huenda akauliza, na ana haki ya kuuliza, ubishi wa wakulima wa ngano unatuhusu nini sisi tuliowatoa akina Keino na Temu. Unatuhusu. Mmoja wa hao wanaobishaniwa ni Jim Ryun, ambaye Wakenya wengi humjua kwa jambo moja tu, kwamba alishindwa na Kipchoge Keino mjini Mexico City mwaka 1968. Namna hiyo ya kumjua mtu, kwa yale yaliyomfika ukubwani, ndiyo inayouharibu mjadala wenyewe, huko Kansas na hata hapa kwetu.

Nianze na lugha, kwani huko ndiko niliko na uzoefu. Kiingereza kina kiambishi kinachopachikwa mwishoni mwa kivumishi, na kikishapachikwa, mtu huwa mkuu kupita wote pasipo kutajwa hata mmoja aliyempita. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Sisi husema fulani ni bora kuliko fulani, au hutumia kitenzi: amempita, amemshinda, amemzidi. Sarufi yetu humdai msemaji awalete washindani wote wawili uwanjani. Ni kweli kwamba siku hizi neno "zaidi" limetuzoesha uvivu, na watangazaji wa michezo humwita kila mtu "bora zaidi" bila kutuambia zaidi ya nani. Hata hivyo deni la sarufi lingalipo.

Upo pia utata wa a-unganifu. Tunaposema "mkimbiaji wa shule", hatujasema kama ni mtu akimbiaye angali shuleni, au ni mtu mashuhuri ambaye hapo kale alipata kupita shuleni. Utata huu si wetu peke yetu. Watu wa Kansas nao huukanyaga kila wanapokutana. Mimi nashikilia maana ya kwanza. Ikiwa swali ni la wanafunzi, basi ushahidi wote utoke katika miaka ya uanafunzi, na kila jina linalotajwa liulizwe: bora kuliko nani?

Wapo wanaomtaja Glenn Cunningham wa mji mdogo wa Elkhart, kusini-magharibi mwa jimbo. Kisa chake ni cha kutia majonzi. Mwezi wa Februari mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 7, yeye na kakake Floyd walikuwa wakiwasha jiko la shule asubuhi. Chombo kilichodhaniwa kuwa na mafuta ya taa kilikuwa na petroli, na moto ukalipuka. Floyd alifariki dunia. Glenn alinusurika, lakini miguu yake iliungua vibaya hata madaktari wakapendekeza ikatwe. Wazazi walikataa. Akajifunza kutembea upya, kisha kukimbia, na mwaka 1930, akiwa mwanafunzi wa shule ya upili ya Elkhart, akaimaliza maili moja mjini Chicago kwa dakika 4 na sekunde 24.7. Hiyo ilikuwa rekodi ya wanafunzi wa shule za upili kwa Marekani nzima. Iliishi hadi mwaka 1934, ilipovunjwa na Louis Zamperini wa California.

Lakini wasikilize kwa makini wale wanaompigania Cunningham. Utaona kwamba hoja zao mbili kubwa haziko shuleni kamwe. Ya kwanza ni moto. Ya pili ni rekodi ya dunia ya maili ya dakika 4 na sekunde 6.8 aliyoiweka mwaka 1934, pamoja na nishani ya fedha aliyoipata katika mita 1,500 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Moto ulitangulia, nishani ikafuata, na yule mwanafunzi wa mwaka 1930 amesongwa katikati asionekane. Isitoshe, Cunningham alizaliwa Agosti 1909. Kwa hiyo katika mbio zile za Chicago alikuwa amefikisha umri wa miaka 20. Simlaumu, kwani majeraha yale yalimla sehemu ya utoto wake. Hata hivyo, mwalimu yeyote wa michezo anajua tofauti iliyopo kati ya mapafu ya kijana wa miaka 17 na ya mtu wa miaka 20.

Wes Santee wa Ashland, aliyelelewa katika ranchi, aliivunja rekodi ya jimbo iliyoachwa na Cunningham, na kwa kipimo cha "kuliko nani" hilo ni jibu la haki: kuliko Cunningham. Ila sifa zinazoimbwa juu yake ni za mwaka 1954, alipokuwa mmoja wa watu watatu waliokuwa wakiifukuzia maili ya chini ya dakika 4, pamoja na Roger Bannister wa Uingereza na John Landy wa Australia. Bannister na Landy walifaulu. Santee alikomea dakika 4 na nusu sekunde, kisha wakuu wa riadha nchini mwake wakamfungia maisha kwa madai kwamba alipokea fedha za gharama kupita kiwango kilichoruhusiwa. Namwonea huruma, lakini huruma si hoja.

Na Billy Mills je? Huyu ni Mlakota aliyezaliwa Pine Ridge katika jimbo la South Dakota, akafiwa na wazazi angali mdogo, akapelekwa kusoma Haskell, shule ya bweni ya wenyeji asilia mjini Lawrence, Kansas. Mwaka 1964 alishinda mita 10,000 mjini Tokyo, ushindi ambao karibu hakuna aliyeutarajia. Kansas humdai kuwa wake. Pine Ridge nako humdai, na nadhani kuna haki kubwa zaidi. Hapa a-unganifu inatutega kwa mara ya pili: mkimbiaji "wa" Kansas ni yule aliyezaliwa huko, aliyelelewa huko, au aliyepokewa na bweni la huko? Walimu wetu ambao hugombania wanafunzi wenye miguu myepesi kutoka wilaya za mbali watanielewa bila maelezo marefu.

Sasa nimfikie Ryun. Kijana huyu mrefu, mwembamba, aliyekuwa na matatizo ya kusikia, alikataliwa na timu za michezo mingine kabla ya kujaribu riadha. Maili yake ya kwanza iliyopimwa, alipoingia shule ya East mjini Wichita, ilimchukua dakika 5 na sekunde 38. Kuna wasichana na wavulana wengi wa shule hapa nchini ambao wangemwacha nyuma siku hiyo. Kocha wake, Bob Timmons, akampa mazoezi mazito ambayo wakati ule watu wengi waliyaona hayafai kwa mtoto wa shule. Tarehe 5 Juni 1964, mjini Compton, California, Ryun alimaliza wa 8 katika mbio za maili zilizojaa watu wazima. Muda wake: dakika 3 na sekunde 59.0. Mtoto wa shule alikuwa ameukata ule mpaka ambao Cunningham na Santee hawakuuvuka hata ukubwani mwao. Alikuwa na umri wa miaka 17, na mwaka huohuo akaenda Tokyo katika timu ya Olimpiki.

Mwaka uliofuata, tarehe 15 Mei 1965, katika mashindano ya shule za jimbo mjini Wichita, mbele ya watu wa nyumbani kwao na bila mpinzani wa kumsukuma, alikimbia dakika 3 na sekunde 58.3. Juni 27, mjini San Diego, akapangwa katika mbio moja na Peter Snell wa New Zealand, bingwa wa Tokyo wa mita 800 na 1,500. Ryun akamshinda kwa dakika 3 na sekunde 55.3. Rekodi hiyo ya wanafunzi ilidumu kwa miaka 36, hata Alan Webb wa Virginia alipoivunja mwaka 2001.

Bora kuliko nani? Kuliko Snell. Hakuna mwanafunzi mwingine wa Kansas ambaye wakili wake anaweza kulijibu swali hilo kwa jina zito kama hilo. Kwangu mimi, kwa upande wa wavulana, kesi imekwisha.

Wanaompunguzia Ryun thamani hutaja Mexico City. Naam, Keino alimshinda kwa karibu sekunde 3 nzima, baada ya Ben Jipcho kuongoza mwanzoni kwa kasi kubwa, na ulikuwa ushindi uliotutia fahari. Lakini mji ule uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wichita haifiki hata mita 500; na mwaka uliotangulia, mjini Los Angeles, Ryun alikuwa amemshinda Keino huyohuyo akiweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 ya dakika 3 na sekunde 33.1. Aliyeivunja rekodi hiyo ni jirani yetu Filbert Bayi wa Tanzania, mjini Christchurch mwaka 1974. Mwaka 1975 akamvua Ryun na ile ya maili, kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Hutajwa pia Munich mwaka 1972, ambako Ryun aligongana na mwenzake akaanguka katika mchujo. Yote haya ni kweli, na yote hayana uhusiano na mwanafunzi wa shule ya East. Ukimpima kijana wa 1965 kwa kuanguka kwa mtu wa 1972, basi na umsifu Cunningham wa 1930 kwa nishani ya 1936. Kosa ni lilelile.

Nimesema "kwa upande wa wavulana" makusudi. Sheria ya Marekani iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayofadhiliwa na serikali kuu ilipitishwa mwaka 1972, na mwaka huohuo ndipo wanawake walipokimbia mita 1,500 kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Msichana wa Kansas wa mwaka 1930 au 1954 hakushindwa na Cunningham wala Santee. Hakupewa mstari wa kuanzia. Wanaobishana wangefanya vyema kuusema ukweli huo wazi badala ya kutoa orodha ya nusu ya wanafunzi na kuiita orodha ya wote.

Kuna jambo moja ambalo nawaonea wivu watu wa Kansas. Wanaweza kubishana kwa sababu hesabu za watoto wao ziliandikwa na kuhifadhiwa. Ile dakika 5 na sekunde 38 tunaijua kwa kuwa kuna mtu aliyeshika saa na kalamu siku ambayo kijana huyo hakuwa na lolote la kuandikwa. Peter Rono wa St. Patrick's, Iten, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 21. Je, ni walimu wangapi wanaoweza kututajia muda wake alipokuwa kidato cha tatu, au wa yule aliyemshinda katika mashindano ya wilaya, kama alikuwako? Mara nyingi katika mashindano ya shule zetu husomwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nafasi hutuambia nani kampita nani siku ile tu. Haimwezeshi mwanafunzi wa leo kushindana na wa mwaka 1985.

Daftari moja la mistari latosha, lenye jina, mwaka wa kuzaliwa, umbali na muda, likitunzwa katika ofisi ya mwalimu mkuu wala si katika begi la mwalimu wa michezo, ambaye akihamishwa huondoka nalo.