Tunangojwa Chini ya Ngazi

Ndugu zangu wenye kadi za maktaba,

Jumamosi iliyopita nilikwenda maktaba ya mkoa wetu kurudisha vitabu viwili nilivyochelewa navyo. Nje nilikuta kitimwendo juani, mbele ya ngazi sita. Aliyekikalia ni binti wa kidato cha nne, sare imepigwa pasi, daftari mapajani. Mlinzi, mtu mwema tu, akamuuliza, "Mwanangu, tukubebe?" Binti akajibu kwa adabu, "Ahsante baba, ila mimi si gunia."

Akabaki chini. Mdogo wake, mtoto wa miaka kama tisa, ndiye akawa anapanda na kushuka. Akaleta kitabu cha Fizikia, sicho. Akarudi, akaleta kingine; kumbe kimechanwa kurasa. Safari ya tatu akakaripiwa huko ndani kwamba hapa si sokoni. Binti akageuza kiti, mdogo wake akasukuma, wakaenda zao.

Na mimi? Nilipanda, nikalipa faini, nikashuka. Nina kadi ya maktaba ile miaka kumi na moja, na siku hiyo ndipo nilipozihesabu ngazi zake kwa mara ya kwanza.

Sababu mnazijua: fungu dogo, jengo la zamani, mchoraji wa ramani aliyekuwa na miguu mizima. Ofisi hii itakwambia jengo ni la ofisi ile, na ile itakurudisha kwa hii. Tusipoteze muda hapo. Wa kwanza kulaumiwa ni sisi tunaoingia. Tumepita pembeni ya wenzetu kama tunavyopita pembeni ya dimbwi, tumekaa kwenye meza za umma, tumesoma habari za haki na utu, tukafunga kitabu tukaenda kula.

Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na bibi zetu wakashika chaki chini ya miembe. Darasa la chini ya mwembe halikuwa na ngazi. Mama alikaa na mwanawe mgongoni, mkulima alikuja na udongo wake miguuni. Leo tuna paa na vigae, na tumewaacha nje wale ambao mwembe uliwapokea: asiyeona, asiyekuta hata rafu moja ya nukta nundu, mwenye ualbino anayehitaji maandishi makubwa, kiziwi anayeandika swali lake kwenye karatasi akaambiwa asubiri, kijana wa bodaboda anayelionea haya koti lake lenye vumbi.

Msiniambie sheria hakuna. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2020, unataka sheria ziruhusu kitabu kigeuzwe nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona, bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni watu wa kuzisimamia.

Basi naitisha msaragambo.

Kwanza, mteremko. Kanuni yake ni nyepesi: kila sentimita moja ya kupanda, njia ilale sentimita 12. Ngazi zetu sita, kila moja kama sentimita 15, zinafika 90. Njia itakuwa karibu mita 11, na katikati pawe na kituo bapa cha kupumulia. Ua wa maktaba unatosha. Leo umeota magugu. Tuombe kibali, tena kwa maandishi. Kikitoka, mwenye lori alete mchanga, mwenye duka atoe saruji, fundi aje na pimamaji, sisi wengine tulete mikono. Na kabla koleo halijagusa ardhi, aitwe anayetumia kitimwendo atuonyeshe anavyopita. Mteremko mkali kama paa la nyumba ni ngazi iliyojificha.

Pili, sauti. Wanafunzi wa vyuo, simu zenu zinarekodi. Sura moja kwa wiki, isomwe taratibu, usiku barabara ikiwa imetulia, na kabla ya mitihani asiyeona atakuwa na kitabu kizima masikioni.

Tatu, bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini chungu hutiwa jikoni miezi mingi kabla. Twende kwa diwani mapema, tuwe wengi, barua yetu igongwe mhuri wa kupokelewa, nakala tubaki nayo.

Nne, makaribisho. Hapa sina mchoro wa kuwapa. Tujifunze salamu za lugha ya alama. Tuzungumze na wakutubi wetu bila kuwagombeza, maana anayelinda mlango, rafu na daftari la faini peke yake naye amechoka. Mtoto akicheka katikati ya vitabu, tusimkate jicho.

Nawasihi, msiniachie mimi. Mimi ni mtu mmoja mwenye aibu, na aibu ya mtu mmoja haichanganyi zege. Mtihani wa kidato cha nne hautamngoja yule binti mpaka vikao viishe. Kama huna saruji, njoo na ndoo. Huna ndoo, njoo uteke maji. Na kama umekuja kupiga picha tu, ipige, kisha uweke simu mfukoni ushike koleo.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Binti yule ametungoja chini, juani, daftari mapajani. Tushukeni.