MJA MZITO ASIACHWE PEKE YAKE NA HOFU

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa Unguja na Pemba huyazungumza kwa sauti ya chini, nyuma ya mlango na baina ya wanawake wenyewe kwa wenyewe, ni hofu inayomwingia mja mzito kadiri siku zake zinavyokaribia. Msichana aliyebeba mimba ya kwanza hupongezwa, hupewa khanga, huambiwa asile hiki na asipite pale, na huenda akaandikiwa kombe kwa zaafarani anywe apate utulivu. Lakini ni nadra kupata mtu wa kumwuliza anaogopa nini. Akithubutu kusema mwenyewe, jawabu yake huwa tayari: jikaze, hata mama yako alizaa.

Sisi tunaona kwamba jawabu hiyo haitoshi, na kwamba umefika wakati wa jambo hili kusemwa hadharani na viongozi kulisikia. Hofu ya uzazi haiishii moyoni mwa mwenye mimba. Ina sehemu kubwa katika kuamua nani atafika hospitali mapema na nani atafikishwa wakati wauguzi hawana tena la kufanya.

Kwanza, tusimdanganye mja mzito kwamba hana sababu ya kuogopa. Hapana mtaa wala kijiji katika visiwa vyetu ambacho hakina kumbukumbu ya mwanamke aliyekwenda kujifungua asirudi. Lakini pia hana haja ya kubeba hofu kubwa kuliko hatari yenyewe. Uchunguzi wa Hali ya Watu na Afya uliofanywa Tanzania nzima, Bara na Visiwani, katika mwaka 2022, ulionyesha vifo 104 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000, hali ya kuwa uchunguzi wa 2015-16 ulikuwa umeonyesha 556. Maana yake ni takriban mzazi mmoja katika kila elfu. Ni wengi mno, na mataifa yamekubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 idadi ya dunia nzima iwe chini ya 70. Lakini ni wachache sana kuliko anavyodhani msichana aliyelala macho usiku akikumbuka hadithi za majirani. Aidha, yanayowaua wengi wao yanajulikana: kutoka damu nyingi baada ya kuzaa, kifafa cha mimba, uambukizo, na utungu uliokwama. Yote haya yana tiba, mradi mgonjwa awe mahali palipo na tiba hiyo na kwa wakati wake.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Wako wanawake wanaoijua vyema njia ya hospitali, na wameihudhuria kliniki tangu miezi ya mwanzo, na hata hivyo utungu unapowashika hubaki nyumbani. Wanachokiogopa si kuzaa peke yake. Wanaogopa kuvuliwa nguo mbele ya wasiowajua, kukaripiwa, kulala saa nyingi juu ya kitanda bila ya mtu wa kuwashika mkono, na juu ya yote hayo wanaogopa kupasuliwa. Basi husema ngoja kidogo, ngoja mpaka alfajiri. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba vifo vya uzazi hutokana na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Katika visiwa vyetu mtu anaweza kuyaona yote matatu katika usiku mmoja. Mume yuko dago na hapana anayethubutu kuamua kabla hajarudi. Mgonjwa yuko Tumbatu na hapana budi avushwe kwa chombo mpaka Mkokotoni, kisha atafutiwe gari ya kwenda Kivunge. Bahari na njia zina wakubwa wake wa kuzishughulikia. Lakini zile saa za mwanzo zilizopotea ndani ya nyumba, nyingi zimeliwa na hofu, na hofu haipunguzwi kwa lami wala kwa boti.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, matibabu katika visiwa hivi yalitangazwa kuwa bure, ili asiwepo mgonjwa wa kukaa nyumbani kwa kukosa fedha. Lilikuwa jambo kubwa, na wazee wanalikumbuka. Kwa hivyo ni jambo la kusikitisha kwamba leo yuko mwanamke anayekaa nyumbani, mlango wa hospitali uko wazi, kwa sababu ya kuchelea namna atakavyopokewa ndani yake.

Wataalamu nao wanatufahamisha kwamba hofu huufanyia kazi mwili wenyewe. Daktari wa Kiingereza, Grantly Dick-Read, aliandika tangu mwaka 1933 kwamba mwenye hofu hukaza viungo, na anayekaza viungo huongezewa maumivu, na maumivu nayo huzidisha hofu. Alipitiliza pale alipodhani kwamba hofu ikiondoka maumivu nayo yatakaribia kutoweka. Wanawake waliozaa wanayajua zaidi kuliko yeye. Lakini msingi wa maneno yake una ukweli. Mwili ulioshikwa na hofu hutoa adrenalini, na ikizidi hiyo huweza kuizuilia oksitosini, ambayo ndiyo inayoutia nguvu mfuko wa uzazi ili utungu uendelee. Yule anayeambiwa ajikaze, basi, huenda anaamrishwa jambo lile lile linalomchelewesha.

Wasomaji wetu wengi walikaa chuoni kabla ya kupelekwa skuli, na wanakikumbuka kisa cha Bibi Maryamu kama kilivyokuja ndani ya Kurani. Alikuwa mbali na watu wake, peke yake, na utungu ukampeleka kwenye shina la mtende. Hapo alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile na kusahauliwa kabisa. Hayo ni maneno ya mtu aliyefikwa na hofu hasa, naye ni mwanamke aliyeteuliwa juu ya wanawake wote. Tuangalie alivyojibiwa. Hakukemewa kwa udhaifu wala hakuambiwa wenzake wamezaa kabla yake. Alinadiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa alitikise shina la mtende zimwangukie tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na moyo wake utulie. Alipewa sauti ya kumliwaza, maji na chakula. Tunawaomba masheikh na walimu wa madrasa wanapokisomesha kisa hiki wasikipite mbio mahali hapo, maana wamo miongoni mwa wanaowasikiliza waume wa kesho na wakunga wa kesho.

Elimu ya leo imefika pale pale. Katika mwaka 2017 yalikusanywa pamoja matokeo ya majaribio 26 yaliyowahusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi mbali mbali, ili kulinganisha wale waliokuwa na mtu wa kuwatuliza muda wote wa utungu na wale waliohudumiwa kwa kawaida tu. Waliokuwa na mtu walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, utungu wao ulikuwa mfupi zaidi, na wachache zaidi kati yao walipasuliwa. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani liliingiza katika maelekezo yake kwamba kila mzazi aruhusiwe kuwa na msindikizaji anayemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua.

Bibi zetu hawakungoja majaribio kulijua hilo. Mzazi wa zamani alizaa akiwa na mkunga wa jadi mbele yake, na mama yake au somo wake nyuma yake akimkanda mgongo. Tusemapo hivi hatuna maana ya kuwarejesha watu kuzalia nyumbani. Mkunga wa jadi, kwa uhodari wake wote, hana damu ya kumwongezea mtu wala dawa ya kifafa. Tunachosema ni kwamba tulipouhamisha uzazi kuupeleka hospitali tulipata usalama, na yule wa kukanda mgongo tukamwacha nje ya lango na kikapu chake cha uji.

Tunaijua hoja inayotolewa. Chumba cha kuzalia kina vitanda kadhaa, na mgeni wa mmoja ataona uchi wa mwingine. Hoja ya stara ni hoja ya haki na sisi hatuidharau. Lakini dawa yake ni pazia. Ni nguo na fimbo ya kuitundikia, na fundi wa siku moja. Serikali inayojenga hospitali za ghorofa haiwezi kushindwa na nguo ya pazia, wala haihitaji kungojea mfadhili kwa jambo hilo.

Kwa ndugu zetu wakunga na wauguzi tunasema kwa heshima. Tunajua kwamba aghlabu mmoja wenu anaachiwa wazazi wengi kwa zamu moja, usiku kucha, na kwamba anayewalaumu hajawahi kusimama mahali penu. Hata hivyo ukali haupunguzi kazi. Mzazi aliyekaripiwa leo ataisimulia karipio hiyo kisimani na harusini kwa miaka kumi, na mimba itakayofuata, yake au ya mdogo wake, italetwa kwenu ikiwa imechelewa. Msindikizaji mmoja aliyeelekezwa vizuri, wa kumpa mzazi maji, kumkanda na kumwita muuguzi panapo haja, atawapunguzia mzigo.

Kliniki nazo ziongeze jambo moja. Mja mzito hupimwa damu, uzito na shinikizo la damu, akaandikiwa kadi yake akaondoka. Aelezwe pia utungu huanzaje na huchukua muda gani, kwa nini wengine hupasuliwa na hufanyiwa nini wasisikie maumivu ya kisu. Na angalau mara moja kabla ya kufikia mwezi wake apelekwe akakione chumba atakachozalia. Wako wachache ambao hofu yao huvuka mpaka, wakawa hawalali, au wakakimbia kabisa kushika mimba hali ya kuwa wanatamani mtoto. Mwaka 2000 madaktari wa Uingereza waliieleza hali hiyo kuwa ni maradhi, na mara nyingine huwapata wale waliokwisha kuzaa kwa tabu. Hao wapelekwe kwa daktari, wasichekwe.

Tunayo methali isemayo kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wanaume wengi wameifanya ndiyo ruhusa yao ya kukaa barazani. Mume anayekwenda dago mke wake akiwa na mimba ya miezi minane aache nyuma fedha ya chombo na ya gari, na aseme mbele ya mashahidi kwamba mke wake akiona dalili aende, asingojewe yeye.

Kwa upande wa Wizara ya Afya na wakuu wa wilaya, tunaomba yafanyike haya kabla ya mwaka huu kwisha: kila chumba cha kuzalia, tangu hospitali kubwa hadi kituo cha kijiji, kihesabiwe vitanda vyake na kitiwe mapazia, msimamizi wa wodi apewe idhini ya maandishi ya kumpokea msindikizaji mmoja kwa kila mzazi, na walinzi wa malango ya hospitali, wa zamu ya usiku hasa, wapelekewe nakala ya idhini hiyo.