Alama Tisa Hazipimi Maumivu

Majibu ya damu ni mazuri, picha ya eksirei haina kasoro, basi mgonjwa anaambiwa hana ugonjwa. Kwa mwenye maradhi ya tishu unganishi yanayolegeza viungo, kauli hiyo huwa mwanzo wa miaka ya kuhangaika. Bega huteguka anapoanua nguo, kifundo cha mguu hugeuka mahali palipo tambarare, uchovu haumtoki hata baada ya kulala. Kisha huitwa mvivu, au huambiwa ana mawazo mengi.

Uainishaji wa kimataifa wa mwaka 2017 ulitaja aina 13 za ugonjwa wa Ehlers-Danlos. Aina ya ulegevu wa viungo ndiyo pekee kati ya hizo ambayo chanzo chake katika jeni hakijajulikana, kwa hiyo hakuna kipimo cha maabara cha kuithibitisha. Mhudumu hubaki na macho yake, mikono yake na, zaidi ya yote, masikio yake.

Wengi wetu hukimbilia alama za Beighton: kidole cha mwisho kukunjwa nyuma kupita digrii 90, kidole gumba kugusa kigasha, kiwiko na goti kupinda kinyume kupita digrii 10, kila upande alama moja, kisha viganja kulala sakafuni bila kukunja magoti. Jumla ni 9. Mtoto ambaye hajabalehe huhitaji 6, aliyebalehe hadi miaka 50 huhitaji 5, na aliyezidi hapo 4. Beighton na wenzake walizichapisha mwaka 1973 katika uchunguzi wa jamii ya Watswana wa Afrika Kusini. Zilikusudiwa kulinganisha watu wengi kwa haraka. Hazigusi bega, nyonga wala kifundo cha mguu. Kumfungia mgonjwa mlango kwa sababu amepata 3 ni kukidai kipimo kazi ambayo hakikuundiwa.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Watoto na wacheza ngoma wengi ni wanyumbufu na wazima kabisa. Unyumbufu peke yake si maradhi. Wala mhudumu asitulie kabla ya kuuondoa ugonjwa wa Marfan na aina ya Ehlers-Danlos inayopasua mishipa ya damu, kwa kuwa hiyo huua.

Naona dawa ya kwanza ni swali. Mwanamke wa miaka 55 aliyekakamaa leo aulizwe: utotoni, uliwachekesha wenzako kwa kujipinda? Bega au kilegesambwa kimewahi kuteguka zaidi ya mara moja? Nani mwingine katika ukoo yuko hivyo? Asiyetimiza vigezo vyote vya Ehlers-Danlos bado anaweza kuwa na ugonjwa ulio katika wigo wa ulegevu wa viungo, na maumivu yake si madogo kwa sababu ya jina. Apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, naye aelezwe kwamba misuli ya mgonjwa huyu inahitaji kuimarishwa polepole, si viungo kuvutwa zaidi.