Mpox: maswali yenu tuliyompelekea munganga



Juma mbili zilizopita tuliwaomba mtupe maswali juu ya mpox, ule ugonjwa ambao wengi bado wanauita ndui ya nyani. Wengine waliandika, wengine walituambia sokoni, na mama mmoja alimtuma mtoto na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Tuliyaweka yote katika kaye moja, na siku ya posho tukakaa na munganga anayefanya kazi ya kupokea wagonjwa wa haraka hapa Bunia. Alituomba tusiandike jina lake, kwa kuwa alikuja katika saa zake za kupumzika, si kusema kwa niaba ya hospitali. Tumemheshimu.

Alisoma kaye nzima kabla ya kujibu lolote. Kisha alituambia kwamba maswali ni mengi, lakini sehemu kubwa yanazunguka neno moja: nikimpeleka mtoto, mtanitenga naye?

Swali hilo tunajua limetoka wapi. Tangu tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, Ebola ilitembea Kivu ya Kaskazini na huku kwetu Ituri. Ilishika watu 3.470, ikaua 2.287. Ni nani kati yetu aliyesahau mahema, watu waliofunikwa toka kichwa hadi mguu, na mazishi ambayo jamaa walisimama mbali? Ndiyo maana leo mtoto akitoka vipele, kuna mama anayefunga mlango na kuwaambia majirani kwamba mtoto amekwenda kwa bibi yake. Hatumcheki mama huyo. Tunamwandikia yeye kwanza.

Munganga alieleza hivi. Virusi vya Ebola vinapita katika damu, matapishi na maji mengine ya mwili, na katika ugonjwa ule watu 2 kati ya 3 walikufa. Mpox ni virusi vingine kabisa. Inapita hasa kwa kugusana ngozi na ngozi penye vidonda, kwa kulalia shuka moja, kwa nguo na taulo za mgonjwa, na kwa kukaa uso kwa uso karibu sana kwa muda mrefu. Walio wengi wanapona. Mtoto mdogo hatibiwi peke yake. Mlezi mmoja anakaa naye, anafundishwa kuvaa maski na glavu, kufunika vidonda vya mtoto na kunawa kwa sabuni kila anapomgusa. Lakini mlezi awe yule yule. Kama shangazi anakuja asubuhi, bibi mchana na dada usiku, basi virusi vimepewa nyumba tatu.

Sasa, utaujua namna gani? Homa inaanza, kichwa kinauma, mwili unachoka, na mara nyingi mitoki inavimba shingoni, kwapani au kwenye mapaja. Baadaye vinatoka vipele vinavyojaa maji, kisha usaha, kisha vinakauka na kufanya vigaga. Tuliuliza juu ya varisele na surua, maana kila mama hapa amekwisha kuziona. Surua inakuja na macho mekundu, kikohozi na mafua, na vipele vyake havijai maji. Varisele inawasha sana, na vipele vya zamani na vipya vinaonekana pamoja. Vya mpox vinapenda kufika hata kwenye viganja na nyayo. Lakini munganga alisema wazi kwamba yeye mwenyewe, pamoja na miaka yake ya kazi, haamui kwa jicho tu. Wanachukua maji ya kipele au kigaga na kukipeleka maabara. Kwa hiyo jirani anayepita na kusema "hii ni varisele tu, mpake majivu" anasema asichokijua, na majivu yale yanaingiza uchafu ndani ya kidonda.

Swali lililotufanya tukae muda mrefu ni lile la mama wa AVEC moja: wanasema mpox haina dawa, basi niende kutafuta nini kule?

Ni swali la akili, na jibu lake limetoka hapa hapa Congo. Wataalamu wa INRB ya Kinshasa pamoja na wa Marekani walijaribu dawa inayoitwa tekovirimati kwa watu 597 waliokuwa na mpox, wakubwa na watoto, kule Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru. Nusu ya habari waliyoitoa tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 2024 ilikuwa ya kuvunja moyo: dawa ile haikufanya vidonda vikauke haraka zaidi. Watu wengi walisikia nusu hiyo, wakaisambaza. Nusu ya pili haikufika sokoni. Kati ya watu wote waliolazwa katika jaribio lile, waliopata dawa na wasioipata, walikufa chini ya 2 kwa kila 100. Kwa kawaida katika inchi yetu mpox ilikuwa inaua karibu 4 kwa kila 100, mahali pengine zaidi.

Ni nini basi kilichowaokoa, kama si dawa ile? Munganga alihesabu kwa vidole: walipewa maji ya kutosha, walilishwa, vidonda vilisafishwa, maumivu yalipunguzwa ili waweze kumeza, na malaria au ambukizo lolote lililoingia juu ya mpox lilitibiwa mara moja. Mtoto wa mpox mara nyingi anauawa na njaa, kukauka maji na vidonda vilivyooza, kwa sababu midomo na koo vimejaa vipele na hawezi kunyonya wala kula. Mambo hayo santre ya afya inaweza kuyashika, ikiwa mtoto amefika mapema. Akifika siku ya kumi, macho yamezama, kazi ni ngumu.

Alituomba tuziandike dalili za kutongoja asubuhi, na tunaziandika kama alivyozitaja. Mtoto hawezi kunywa au anatapika kila kitu. Anapumua mbio. Analala na haamki vizuri, au anashikwa na degedege. Vidonda vimeingia machoni. Usaha unanuka na homa inarudi tena baada ya kushuka. Mtoto mwenye utapiamlo, au mchanga sana, apelekwe hata kama hayo hayajaonekana.

Mgonjwa mkubwa mwenye vipele vichache anaweza kuruhusiwa kubaki nyumbani, reko wa kartie akijua. Alale peke yake, awe na sahani yake, kikombe chake na taulo yake. Nguo zake zifuliwe kando kwa sabuni na maji ya moto, wala zisikung'utwe. Hatoki katika hali hiyo mpaka kigaga cha mwisho kimeanguka na ngozi mpya imetokea chini, na hiyo ni juma mbili mpaka nne. Tulicheka kidogo hapo, cheko la uchungu, tukimwambia munganga kwamba katika nyumba nyingi zetu watu sita wanalala chumba kimoja, na kwa ndugu zetu wa site ya Kigonze hata hema moja ni la jamaa nzima. Hakutupa jibu zuri, na tunapenda kwamba hakulitunga. Alisema kama hakuna chumba cha pili, hiyo peke yake ni sababu ya kumpeleka mgonjwa kwenye santre, hata kama si mahututi.

Juu ya kunyonyesha, hakuna jibu moja kwa wote. Kama mama na mtoto wote wamekwisha kushikwa, kwa kawaida anaendelea kunyonyesha. Kama ni mama tu, na kifua hakina kidonda, munganga atapima pamoja naye: kuvaa maski, kufunika vidonda vyote, kunawa mikono, au kumpa mtoto chakula kingine kwa muda. Lakini asiache ziwa kwa kusikia maneno ya barabarani. Kwa mtoto wetu asiye na maziwa mengine ya uhakika, kuacha ziwa nako ni hatari. Mama mwenye mimba aende kuonekana mapema kuliko wote, kwa sababu mpox inaweza kufika kwa mtoto tumboni na mimba ikaharibika. Asichaguliwe kuwa mlezi wa mgonjwa, hata kama yeye ndiye mwenye nafasi.

Kikaratasi kile kilichokunjwa mara nne kiliuliza kama huu ni ugonjwa wa malaya. Tunajua aliyeuliza hakuwa na udadisi tu. Ni kweli kwamba aina mpya ya virusi iliyoonekana Kamituga, Kivu ya Kusini, mwezi wa 9 mwaka 2023, ilisambaa sana kwa kulala pamoja kwa watu wazima, katika mji ule wa machimbo ya zahabu. Ilikwenda haraka, ikavuka mipaka, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya hatari ya kimataifa. Lakini mtu wa kwanza aliyejulikana duniani kuwa na mpox alikuwa mtoto wa miezi tisa, huko Basankusu, Ekwateri, mwaka 1970. Na katika inchi yetu mwaka 2024 wagonjwa walio wengi, na wafu walio wengi, walikuwa watoto wasiofika miaka 15. Mtoto aliyelala na ndugu yake kwenye mkeka mmoja amefanya umalaya gani? Bwana akitoka safari na vipele sehemu za siri, mwambie aende kupimwa, na msilale pamoja mpaka amepona. Kumtukana kutamfanya afiche, na mwenye kufuata atakuwa wewe.

Juu ya chanjo: dozi za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 mwezi wa 9, na kuchanja kulianza Goma tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 2024. Chanjo hiyo ya kwanza ilipewa wakati ule watu wa miaka 18 na zaidi, na dozi zilikuwa chache sana. Mwaka 2024 Japani iliahidi dozi milioni 3 za chanjo nyingine ambayo inafaa hata kwa watoto. Tutawajulisha reko wakileta habari. Bibi zetu wenye alama ya chanjo ya ndui mkononi waliuliza kama inawasaidia bado. Inasaidia kwa kiasi, maana ndui na mpox ni ndugu. Chanjo ile iliachwa baada ya ndui kumalizika duniani mwaka 1980, ndiyo sababu wajukuu hawana kinga ambayo bibi anayo.

Nyama ya pori: usiguse mnyama uliyemkuta amekufa au mgonjwa, na nyama ipikwe mpaka iive kabisa.

Swali la mwisho halikuwa la munganga, na alitueleza hivyo. Mama mmoja ana watoto wanne, bwana yuko machimboni Mongbwalu. Mmoja akilazwa, nani atabaki na watatu? Tulilirudisha kwenye mkutano wa siku ya kwanza. Vikundi vitatu vimekubali kutumia sanduku la msaada la AVEC kwa unga, sabuni na moto ya kumfikisha mgonjwa, na kila kikundi kimechagua mama mmoja atakayelala katika nyumba ya mama aliye hospitali. Watoto hawatatawanywa kwa majirani, kwa sababu walilala na mgonjwa na wanapaswa kuangaliwa siku 21. Mama huyo atawatazama ngozi kila asubuhi na kuwapima homa kwa mkono. Vikundi ambavyo havijachagua, mtuletee jina kabla ya siku ya posho, kwenye benchi letu la kawaida, tangu saa nane.