Ngiri Ikirudi Baada ya Upasuaji, Tusimlaumu Mgonjwa



Leo tunazungumzia maradhi ambayo wanaume wengi huyaficha mpaka yawalaze kitandani. Nayo ni ngiri, ambayo wengine huiita henia au mshipa. Hapa Luzira si jambo geni. Tunao wapakiaji wa mizigo Port Bell, wabebaji wa magunia ya makaa na wavuvi wanaovuta mitumbwi. Mtu huona uvimbe kwenye kinena, akiusukuma unarudi ndani, basi ananyamaza. Mwishowe anafanyiwa upasuaji na jamaa wanafurahi. Baada ya mwaka au miwili uvimbe unatokea palepale, na hapo ndipo maneno huanza. Wapo wasemao amerogwa, wapo wasemao daktari hakujua kazi, na wapo wasemao mwenyewe hakutulia.

Sisi tunasema: tupunguze maneno na tuulize maswali yanayofaa.

Ngiri ni nini hasa? Ukuta wa tumbo ukiwa na mahali dhaifu, utumbo au mafuta ya ndani husukumwa na kutokeza hapo. Ukuta huo unashikwa na nyama za kuunganisha, ambazo nguvu yake hutokana na nyuzi ziitwazo kolajeni. Wapo watu waliozaliwa na nyuzi dhaifu. Daktari akiwashona kwa uzi tu, anavuta pamoja nyama ambayo yenyewe ni dhaifu, kama fundi anayeshona kitambaa kilichochakaa. Ushonaji unaweza kuwa mzuri na bado kitambaa kikachanika pembeni.

Kwa watu wachache udhaifu huo ni maradhi yenye jina. Moja ni ugonjwa wa Marfan, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1896. Mwenye nao mara nyingi ni mrefu sana, ana vidole virefu na macho yenye matatizo. Mwingine ni ugonjwa wa Ehlers-Danlos: viungo hupinda kupita kawaida, ngozi huvutika, na mara nyingi vidonda hupona kwa shida. Mzazi mwenye Marfan, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Na hatari yake kubwa si ngiri. Ni mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, ambao unaweza kutanuka na kupasuka. Kwa hiyo ngiri inayorudirudi, hasa kwa mtoto au kijana mwenye dalili hizo, inaweza kuwa onyo linalookoa maisha likisikilizwa mapema.

Tusitishane lakini. Wengi ambao ngiri yao imerudi hawana maradhi hayo. Sigara, kikohozi kisichokwisha, kujikamua chooni, unene na kidonda kilichoingia usaha, vyote huongeza hatari.

Dawa ya kupunguza kurudi ipo, nayo ni wavu mdogo unaowekwa ndani kuimarisha ukuta. Tatizo ni bei. Hapa Uganda tunayo habari ya kujivunia. Madaktari wa Uganda na Sweden waliwafanyia upasuaji wanaume 302 mashariki mwa nchi yetu. Baadhi waliwekewa wavu wa kununua, wengine wavu uliokatwa kutoka kitambaa cha chandarua kisicho na dawa, kilichosafishwa kitaalamu, wa bei isiyofika dola moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilirudi kwa mtu mmoja tu wa wavu wa bei nafuu, na wa wavu wa kununua hakuna aliyerudiwa. Wote walikuwa na ngiri ya mara ya kwanza, kwa hiyo aliyerudiwa anahitaji uangalizi zaidi. Na asitokee mtu akapeleka chandarua chake hospitali!

Basi msimamo wetu ni huu:

1. Kabla ya upasuaji, mwambie daktari nani katika ukoo amewahi kuwa na ngiri, viungo vinavyopinda sana au kifo cha ghafla cha moyo. Wazee, msiwafiche watoto wenu habari hizi. Si aibu ya ukoo.

2. Uliza: nitawekewa wavu? Kama hapana, kwa nini? Kuuliza si utovu wa adabu. Watoto kwa kawaida hawahitaji wavu.

3. Tunapochanga msikitini, tusichangie upasuaji peke yake. Madaktari wengi huagiza mtu aache mizigo mizito kwa wiki nne hadi sita. Mpakiaji wa kutwa atazilaje wiki hizo? Tukimlipia hospitali kisha tukamwacha na watoto wenye njaa, atarudi kwenye magunia kabla hajapona. Posho ya nyumbani ni sehemu ya matibabu.

4. Anayeswali kwa kukaa kitini kwa sababu ya mshono asitazamwe kwa jicho baya. Dini imempa ruhusa hiyo.

5. Uvimbe ukiwa mgumu, ukauma, ukakataa kurudi ndani na mtu akatapika, ni hospitali saa hiyohiyo. Utumbo umebanwa, na kuchelewa kunaua.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Kumcheka mgonjwa au kumtafutia mchawi si tiba. Kinamama nanyi, mkiona mume au mtoto anaficha uvimbe, msinyamaze naye.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu na atupe moyo wa kusaidiana. Amin.

Wabillahi tawfiq.