Dada, Usikubali Gari Yako Ibahatishwe



Leo naweka sindano pembeni niseme habari ya gari, maana wengi wetu tunaliwa pesa huku tunaangalia.

Siku chache kabla ya harusi ya mteja wangu, gari yangu ya zamani ya dizeli ilianza kushtukashtuka. Kwenye foleni ya hapa Sakina, barabara ya Namanga, inaruka kama inataka kuzima. Nikipata njia nyeupe nikakanyaga mafuta, inatulia. Na ndani nimebeba gauni la bibi harusi! Fundi wa kwanza aliisikiliza dakika moja tu: "Pampu imekufa, mama. Tafuta laki tisa."

Mimi ni fundi cherehani. Sikati kitambaa cha bibi harusi kabla sijampima. Kwa nini nikubali pampu ing'olewe bila kupimwa?

Nikaenda kwa fundi mwingine. Yeye alianza na maswali. Asubuhi inawaka kwa shida? Ndiyo. Ikisimama inatetemeka? Ndiyo. Kwenye mlima inaishiwa nguvu? Hapana. Akasema filta ikiziba, mara nyingi gari huchoka mlimani. Hii yako inavuta hewa. Akaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, akawasha. Mapovu tukayaona wote wawili. Mpira wa dizeli ulikuwa umepasuka karibu na klipu. Haukuwa unadondosha, kwa sababu upande ule pampu inavuta, haisukumi. Kwa mwendo mdogo injini hunywa dizeli kidogo sana, kwa hiyo hata povu dogo linaivuruga. Tukabadilisha mpira na klipu. Alhamdulillah, gauni lilifika.

Sisemi tuwadhanie mafundi vibaya, dhana mbaya ni dhambi. Huenda yule wa kwanza hakunidanganya, alibahatisha tu. Lakini kubahatisha kwa pesa ya mwenzio ni kuchezea amana.

Kwa hiyo dada, mwambie fundi aanze na vya bei ndogo: amwage maji chini ya filta, aangalie mipira, klipu, na mipira inayoshikilia injini. Nozeli na pampu zije mwisho, tena akuonyeshe ubovu kwa macho yako. Angalia moshi pia: mweusi, dizeli ni nyingi kuliko hewa, wa bluu, inaunguza oili. Na akikwambia plagi hazitoi cheche, chukua ufunguo wako uondoke. Dizeli haiwaki kwa cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Plagi zake ni za kupasha moto tu wakati wa kuwasha.

Na wewe bibi harusi unayepambiwa gari ya mjomba, iendeshwe kwenye foleni siku mbili kabla. Maua hayafichi mpira uliopasuka.

Wabillahi tawfiq.